Wagon ya Kasereka na Bibi Résultante

Pale Makomeno, Lubumbashi, ng'ambo ya reli, palikuwa na traverse ya zamani, lile gogo zito linalobeba reli, imelazwa juu ya mawe mawili, na juu yake lilikaa bunge. Kinshasa, watu walisema, kuna ba-parlementaires debout, wale wanaobishana siasa wamesimama barabarani. Basi wa Makomeno wakajiita Parlement Assis, maana tangu shemindefer, kampuni ya reli, iache kulipa watu wake, kazi iliyobaki ilikuwa kukaa. Ulikuwa mwaka ule wa mapillage, uporaji ule mkubwa. Maduka ya mjini yalikuwa yamebaki kuta tupu, shule zimefungwa, bei ya unga asubuhi si bei ya jioni, na treni, ah, treni ilikuwa imegeuka hadithi ya kusimulia watoto. Lakini kahawa ilikuwapo. Mbambu, Mama Gradi, aliiuza hapo hapo pembeni mwa traverse, mtoto mgongoni, mbabula, jiko lake la makaa, miguuni, kahawa aliyoikaanga kwa mkono wake, ya kwao Butembo. Watu wa Lubumbashi walikuwa watu wa chai. Aliwageuza mmoja mmoja, na sasa wasipoinusa asubuhi wanaamka na kichwa kinauma.

Siku hiyo, hata hivyo, Mbambu hakuwa na moyo wa kuuza kitu. Ng'ambo kidogo tu ya kijiwe ilisimama wagon, behewa la mizigo, na ndani ya wagon yalikuwamo maharagi ya mume wake, Kasereka, magunia juu ya magunia. Yalivuka ziwa Tanganyika, yakapakiwa treni Kalemie, yakasafiri mpaka watu wakasahau kuyauliza, na lokomotivi ya mwisho kuonekana ikayaacha hapa Makomeno ikaenda zake moja kwa moja. Na iliyaacha vibaya. Mlango mmoja wa wagon ulitazamana na ukuta wa atelier, karakana ya reli, karibu mno, huwezi kuufungua. Mlango wa upande wa pili ulikuwa umeliwa na kutu, nyundo imeshindwa, sala imeshindwa. Juu, watu wasio na majina walikwisha kung'oa mabati ya paa, zikabaki nondo zilizobanana: mvua inapita, gunia halipiti.

Na upande wa Kipushi wingu jeusi lilikuwa linapanda. Mvua ya kwanza ya mwaka. Maharagi yakilowa yanaota, na yakiota, Kasereka na Mbambu, waliouza shamba lao la kahawa ili kuyanunua, wangerudi Butembo mikono mitupu mbele ya mawifi, na mawifi wa Mbambu walikuwa na midomo, Mungu awasaidie.

Dawa yenyewe ilionekana rahisi. Isogeze wagon kidogo, ipite ule ukuta, mlango utafunguka. Asubuhi quartier mzima, mtaa wote, ulikuja kusukuma: ba-cheminot, wafanyakazi wa reli, wenye mikono ya chuma, wachuuzi, waimbaji wa kwaya. Walisukuma wakaimba, wakasukuma wakatukana, wakasukuma wakaombeana msamaha. Wagon haikusogea hata upana wa kidole. Kasereka akaenda mjini kutafuta trakta, na Parlement Assis ikarudi kwenye traverse yake kujadili jambo moja tu: juu ya nini, yaani kwa nini, wagon imekataa?

— Mwenye kusema ile wagon iko lourd, iko nzito, huyo hajue wagon, alianza Kabwe.

Kabwe walimwita Chef de Gare, mkuu wa stesheni. Maisha yake yote alikata tikiti nyuma ya dirisha dogo, hakuwahi kuwa chef wa kitu chochote, lakini kasketi, ile kofia aliyoivaa, ilikuwa ya chef, na katika nchi ile, miaka ile, kasketi ilitosha.

— Miye niliota mvi mu shemindefer, aliendelea. Wagon iko sawa vile mufanyakazi. Hauwezi kuiambia tu "twende". Inaomba feuille de route, karatasi ya safari. Na juu ya feuille, cachet, muhuri. Bila cachet, wagon haitoke.

— Kumbe inajua kusoma? akauliza Kiki.

— Iko na heshima. Kusoma ni kintu ingine.

Kiki ndiye waliyemwita Radio. Alijua habari kabla hazijatokea, na zikikataa kutokea alizitokeza yeye. Akanywa funda, akashusha sauti.

— Bakubwa, muache niseme ile bantu banaogopa kusema. Hii maharagi ilipita wapi? Ku ziwa. Na mu ziwa, muko nani?

Vichwa vikasogea karibu, maana Lubumbashi nzima inajua nani anakaa majini: yule nusu mwanamke, nusu samaki.

— Mamba-muntu! Alipanda ndani ya gunia. Saa hii ameikala juu ya maharagi, anachana nywele yake. Bantu banasukuma banatoka jasho, yeye anafanya tu "tss".

— Mamba-muntu anakula maharagi? akauliza Chef de Gare.

— Anakula bantu. Maharagi ni ya kusindikiza. Bazee balisema: mugeni siku mbili, siku ya tatu umupatie jembe. Huyu mugeni iko mu wagon tangu lini? Nani alimupatia jembe? Hakuna! Njo maana amekasirika.

Mbambu alikuwa na hofu imemkaa tumboni tangu alfajiri, lakini mdomo wake ulikuwa mdomo wa kucheka toka utoto, haukumuuliza ruhusa.

— Baba Radio, akasema, ile magunia nilishona miye mwenyewe, na sindano yangu. Kama kuko mamba-muntu, nilimushona pamoja.

— Mumesikia? Mama amekubali! Andikeni!

— Bandugu, bandugu...

Huyo sasa ni Émile, Prof, mwalimu wa fizikia. Shule yake ilikuwa imefungwa miezi mingi, lakini kipande cha chaki bado kilikaa mfukoni mwake, na kila alipotoa leso alitoka na unga mweupe puani.

— Bandugu, hii ni physique. Kintu yenye kusimama haisogee kama résultante iko zéro.

— Kama nani? akauliza Kiki.

— Résultante.

— Bibi ya nani?

— Haiko bibi! Sikiliza. Unachukua nguvu yote yenye kusukuma ile kintu. Ya kuenda huku, unaongeza. Ya kuenda kule, unatosha, unapunguza. Yenye inabakia, njo résultante. Kama kuko yenye kubakia, kintu inaanza kuenda upande ile. Kama haibakie kintu, wagon inaikala vile iliikala.

— Kumbe njo Parlement, akasema Kiki. Huyu anasema ndiyo, huyu anasema hapana, ku mwisho tunarudia ku nyumba.

— Umefahamu kuliko ba-élève yangu.

— Lakini huyu Mama Résultante, asubuhi alikuwa wapi? Miye niliona bote banasukuma. Bantu mingi! Tena banasukuma na roho moja. Umoja ni nguvu.

Prof akakuna kichwa, kikajaa chaki. Hapo ndipo Mbambu alipoona kwamba hata elimu ikibanwa inapiga ukelele.

— Basi kuko nguvu ingine, akasema Prof polepole. Nguvu yenye kukatala. Frottement, ile kukwaruzana, kutu mu ba-roulement ya magurudumu...

— Kutu tu, ishinde mikono ya cheminot? Chef de Gare aliona ametukanwa.

— Acha nimalize! Haiko frottement peke yake. Hapa Katanga, chini ya miguu yetu, muko nini? Minerai. Minerai, madini mingi. Na wagon ni chuma. Minerai inakokota chuma. Makomeno yote ni aimant, sumaku moja mukubwa!

Hata Kiki aliona wivu. Mbambu akainama, akashika birika yake kwa kidole kimoja, akainyanyua juu ya mbabula bila shida yoyote.

— Yangu inanyanyuka, Prof.

— Yako ni aluminium, mama.

— Na misumari ya viatu yako?

Prof akatazama viatu vyake. Akanyanyua mguu mmoja. Ulinyanyuka. Akaurudisha chini taratibu, kama mtu anayeweka mayai, na watu walicheka mpaka Gradi akaamka mgongoni akaanza kupiga makofi.

Wakati huo Kasereka akatokea kwenye kona. Mbambu hakuhitaji kuuliza. Mtu anayerudi na trakta haji kwa miguu. Alimmiminia kahawa, akampa, naye akaishika bila kuinywa.

— Baba Gradi?

— Nimezunguka muji yote, akasema Kasereka. Wenye trakta hawana mazutu ya kutia. Wenye mazutu hawana trakta. Mumoja alikuwa na vyote mbili, lakini balimuibia magurudumu.

Upepo ukapita, umebeba harufu ya udongo uliolowa mbali. Kasereka alitazama lile wingu, kisha akatazama wagon, kisha akaona haya kumtazama mke wake. Mbambu alimwona. Walipouza shamba, yeye ndiye aliyesema "tujaribu Katanga", si mumewe, na kwa miezi yote hii Kasereka hakumkumbusha hata siku moja. Kwa hilo tu angekufa kwa ajili yake. Lakini maharagi hayajui mapenzi, yakilowa yanaota.

— Pole, mukwetu, akasema Kiki, na safari hii kwa kweli. Banasema haraka haraka haina baraka. Labda wagon inangojea baraka.

— Inangojea cachet, akasema Chef de Gare.

— Hodi hapa, ikasema sauti nyingine.

Alikuwa mwanamke wa makamo, valise moja, sanduku la safari, mkononi, imefungwa kamba katikati, viatu vyekundu kwa vumbi. Alijitaja: Annie. Ametoka Kipushi kwa miguu. Akaomba kahawa, akakalia valise yake, akasikiliza. Alisikia cachet, akasikia mamba-muntu mpaka nywele, akasikia aimant. Kila nadharia ilirudiwa kwa ajili yake, na kila iliporudiwa iliongezeka: sasa mamba-muntu alikuwa na dada yake, na aimant ya Prof ilikuwa imefika Likasi.

Annie akapuliza kahawa yake.

— Miye sikusoma mingi, akasema. Nilitaka tu kujua. Mulikuwa munasukuma wagon kuenda wapi?

— Mbele! wakasema wote pamoja.

— Ehe. Na mbele ya wagon ni wapi?

Chef de Gare akacheka kwa huruma. Akanyosha mkono upande wa gare.

— Mbele ni kule, mama. Ku gare. Treni yote inaenda ku gare.

— Hapana, akasema Kasereka. Mbele ni ku depo, kwenye tutaweka magunia. Ni kule.

Na mkono wake ulikuwa umenyoshwa upande mwingine kabisa.

Mikono miwili ilibaki hewani, mmoja mashariki, mmoja magharibi. Hakuna aliyeishusha.

— Chef, akasema Kasereka polepole, asubuhi, weye na ba-cheminot, mulisimama wapi?

— Ku kichwa ya huku, ya depo. Tunasukuma kuenda gare. Si mulisema ipite tu ukuta? Ukuta inaisha pande zote mbili.

— Sisi tulisimama ku kichwa ya kule, ya gare. Tunasukuma kuenda depo.

— Lakini tuliwasikia munaimba! Tulizania muko munakokota!

— Sisi tulizania nyinyi njo munakokota!

Wote wakageuka kumtazama Kiki. Maana Kiki asubuhi hakusukuma. Kiki alisimama juu ya jiwe, katikati, ubavuni mwa wagon, akipiga filimbi na kupaza sauti "Mbele! Mbele!", na kutoka pale juu, yeye peke yake duniani aliviona vichwa vyote viwili.

— Miye? akasema Kiki. Niliona vizuri! Niliona mumejigawanya, nusu huku, nusu kule, sawa sawa, hakuna hata muntu mumoja wa kuzidi. Nikasema: aah, leo kuko organisation.

Mbambu ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka tumboni, pale pale hofu ilipokuwa imekaa, kikaisukuma nje, na akacheka mpaka akashika ukuta, na Gradi mgongoni akaruka juu chini. Kasereka akajaribu kukasirika, akashindwa. Prof alikuwa amesimama juu ya traverse, mikono juu, anapiga kelele kama mtu aliyefunga bao.

— Zéro! Résultante zéro! Nilisema! Si nilisema?

— Prof, weye ulikuwa upande gani? akauliza Annie.

— Na Chef... ku depo.

— Basi uliisaidia kuwa zéro.

Lakini wingu halikucheka. Tone moja likaanguka kwenye mbabula, likafanya "pss". Mbambu akafuta machozi, akakaza mtoto mgongoni, akapanda juu ya lile jiwe la Kiki. Alikuwa mfupi na hajawahi kutoa amri Lubumbashi, mji si wake, Kiswahili chake wanakicheka. Akapaza sauti mpaka ng'ambo ya reli.

— Bandugu! Bamama! Leo, mbele ni ku depo! Mwenye mikono, akuje ku kichwa ya gare! Bote! Na nikiona hata muntu mumoja ku kichwa ya depo, hatakunywa kahawa yangu tena mpaka afe!

Walikuja. Kitisho cha kahawa kilikuwa kikubwa kuliko cha mvua. Walikuja ba-cheminot, walikuja wanakwaya, walikuja akina mama na vikwembe vimefungwa kiunoni, akaja na Pasteri aliyekuwa amelala. Wakajipanga kwenye kichwa kimoja, mabega kwenye chuma, na wasiopata chuma wakaweka mikono kwenye migongo ya wenzao. Mbambu alimpa Annie mtoto, akaingia katikati, bega lake chini ya bega la Kasereka.

— Moja! akaanza Kiki. Mbili!

— Ku tatu ao nyuma ya tatu? akauliza Chef de Gare.

— KU TATU! wakasema wote.

— Tatu!

Kwanza hakuna kitu. Kisha ndani kabisa ya chuma kitu kililia, mlio mrefu wa kutu, na Mbambu akahisi chini ya kiganja chake, hakuona, alihisi tu, ule mlima unamwachia nafasi. Nafasi ya ukucha. Halafu nafasi ya kidole. Halafu akalazimika kusogeza mguu.

— Inaenda! Mama yee, inaenda!

— Musiachilie! Prof alikuwa anasukuma kwa kifua na kufundisha kwa mdomo. Kuianzisha njo nguvu! Sasa muangalie, kila saa munaendelea kusukuma, inaongeza mbio!

Na kweli, hatua ya kwanza ilikuwa nzito kuliko dhambi, ya pili ikawa nafuu, ya kumi walikuwa wanatembea. Wimbo ukapatikana wenyewe, mama mmoja aliuanza kwa Kibemba, cheminot akaujibu kwa Kiluba, Kasereka akatia maneno ya Kinande ambayo hakuna aliyeyaelewa na wote wakayaimba. Watu ambao tangu mapillage walipishana vichwa chini sasa walikuwa wamebanana kwapa kwa kwapa, wanacheka usoni mwa wenzao. Ukuta wa atelier ukapita. Mlango ukaonekana. Depo ilikuwa pale, karibu.

— Basi! akapiga kelele Kasereka. Imetosha! Muachilie!

Wakaachilia wote, kwa utii mkubwa, wakasimama, wakajipangusa jasho.

Wagon haikusimama.

Iliendelea. Taratibu, kwa adabu, bila mtu hata mmoja kuigusa, na magunia yake yote, kama mke aliyenuniwa anayerudi kwao. Prof akafungua mdomo. Furaha yake ilikuwa ya mtoto.

— Muangalie! Hakuna wa kuisukuma na iko inaenda! Kintu yenye kuenda haiombi nguvu ya kuenda! Inaomba nguvu ya kusimama! Myaka yote nilikuwa naandika hii na chaki ku tableau na hakuna mwenye aliamini! Ata miye!

— Prof! akalia Mbambu. Frein ya kuisimamisha iko wapi?

— Frein? Chef de Gare akashika kasketi yake. Gurudumu ya frein baliiba siku moja na mabati.

Na kupita depo, kila mtu alijua, reli inaanza kuteremka. Kule chini, tangu treni ziishe, wamama wa mboga walikuwa wametandika soko lao juu ya reli yenyewe.

Mbambu hakufikiri. Aliwafikiria wale wamama, akafikiria maharagi, yote mara moja, na miguu ikaamua. Alikimbia, akashika ngazi ya chuma iliyoning'inia nyuma ya wagon kwa mikono miwili, akakita visigino chini, akaegemea nyuma. Wagon ilimburuta kama shati.

— Kokoteni! Sasa mukokote! Nyuma!

Kasereka akafika, akashika ndoano. Chef de Gare akamshika Kasereka mshipi. Prof akamshika Chef koti, Kiki akamshika Prof kiuno, na mama mmoja mnene wa kwaya akamkumbatia Kiki kwa nguvu ambayo baadaye Kiki aliitangaza siku nyingi. Mkia wa watu ukarefuka, visigino vikachora mitaro kwenye vumbi. Wagon iliwaburuta bado. Lakini ilikuwa inawaburuta polepole. Halafu polepole zaidi. Ikapita mlango wa depo, ikaupungia, ikaendelea kidogo, ikafikiri, ikalia ule mlio wake wa kutu, ikasimama.

Ikabaki imesimama. Wote wakaanguka chali mmoja juu ya mwingine.

Kisha Chef de Gare akainua kichwa kutoka chini ya lundo, akatazama mlango wa wagon ulipoelekea. Ulikuwa umetazamana na mlango wa nyumba yake mwenyewe, uso kwa uso.

— Bandugu, akasema kwa fahari, treni imefika kwangu.

Hakukuwa na wakati wa kurudisha wagon depo. Kasereka akakita mguu ubavuni mwa wagon, akavuta mlango, ukafunguka, na ndani, juu ya magunia, hakukuwa na mwanamke anayechana nywele. Kiki aliangalia mara mbili. Mbambu akapanda, akafungua shono la gunia la juu, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Yalikuwa makavu. Yaliteleza kati ya vidole vyake, makavu, yanalia ule mlio mdogo wa maharagi mazima, na hapo ndipo alipolia, yeye aliyecheka siku nzima, alilia bila kujificha, na Kasereka akasimama chini akimshika mguu kwa kuwa ndio alioufikia.

Magunia yakapita kutoka mgongo hadi mgongo, yakajaza salon, yaani sebule, ya Chef de Gare, chumba chake, jiko lake, na gunia la mwisho lilipovuka kizingiti mvua ikashuka yote pamoja, juu ya mabati, kwa kishindo cha kuziba masikio. Watu wakabanana ndani, juu ya magunia, wamelowa, wanapiga kelele kusikizana. Tayari kazi ilikuwa na wenyewe. Chef de Gare alieleza kwamba wagon ilitoka kwa kuwa aliipiga kofi pale cachet inapowekwa. Pasteri alitaja sala. Prof aliandika mishale kwa chaki kwenye ukuta wa salon, mmoja huku, mmoja kule, na Kiki akamwambia kila anayeingia kwamba Mama Résultante ni mwanamke mrembo, amemwona kwa macho yake, amekimbilia sokoni.

Mbambu alizunguka na birika. Alimmiminia kila mtu bure, na wa mwisho akawa Annie, aliyekaa mlangoni na valise yake, Gradi amelala mapajani mwake. Matone ya mwisho yalijaza nusu ya kikombe.

— Aksanti, mama, akasema Annie. Sasa munisamehe. Miye nilikuja hapa na swali moja tu, na tangu nifike sikupata nafasi. Balinielekeza huku, banasema ni quartier ya shemindefer, huku njo banajua. Treni ya kuenda Kamina, inapita siku gani?

Chef de Gare alivua kasketi yake akaitazama ndani. Prof alianza kufuta mshale mmoja ukutani kwa kidole. Kila mtu akamtazama Kiki, ambaye hajawahi kukosa habari.

— Dada, akasema Kiki, uko na mizigo ngapi?

— Hii valise tu.

— Basi panda mu wagon. Tuko bantu ya kutosha. Tutakusukuma.

Nyumba ikapasuka kwa kicheko, na Annie akacheka nao, akacheka sana, na alipomaliza kucheka uso wake haukurudi ulivyokuwa.

— Mama yangu njo iko kule, akasema. Peke yake.

Mbambu alijua uso ule. Ameuvaa miezi yote, kila asubuhi, akitazama reli. Akageuza birika, haikuwa na tone. Akafungua gunia lililokuwa karibu, akachota maharagi kwa kikombe, mara moja, mara mbili, akayamwaga ndani ya sufuria ya Chef de Gare bila kumwomba.

— Ikala, dada, akasema. Kahawa imekwisha.

— Na treni?

— Tukule kwanza.

Chef de Gare akainuka kwenye kiti chake, kile chenye mgongo, akamsogezea Annie, na yeye mwenyewe akaenda kukaa juu ya gunia.